Grafini na Mipaka ya Mji wa Goma

Sijawahi kudharau watu kama nilivyowadharau wale wazee watatu wa jury, walimu wa chuo walionitahini. Walikaa nyuma ya meza, tai shingoni, wakiipekua mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza fizikia, kama watu wanaotafuta picha.

Nilikuwa nimeandika juu ya grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu. Unalitandaza juu ya njia nyembamba ya silikoni inayopitisha mwanga ndani ya chipu. Likiachwa hivyo, linameza mwanga. Ukilitilia volti kidogo, linauacha upite. Kwa kuzuia na kuachia namna hiyo, mwanga unabeba ujumbe. Hesabu zote nilizifanya kwenye kompyuta kuukuu chumbani kwetu, mtaa wa Majengo, umeme ukipenda. Maabara moja ya Ulaya ilizisoma, ikaniahidi nafasi ya kuendelea na utafiti. Walitaka kitu kimoja tu kwangu, diploma.

Mzee wa katikati akavua miwani. "Mutoto yangu, milieu d'étude iko wapi?"

Kwetu kila mémoire lazima iwe na sura hiyo ya mahali pa utafiti: historia ya mji, mipaka yake, hali ya hewa, kazi za wakaaji. Anayeandika juu ya malaria anaiweka, na wa ndizi vilevile. Nikajibu kwamba milieu yangu ni silikoni, na upana wake hauonekani kwa macho.

"Na enquête?" akadakia wa pili. "Uliuliza batu wangapi?"

Nikacheka mbele yao. Wakaniambia nirudi na sura hiyo kikao kijacho, nami nikatoka nikiapa kwamba siandiki hata mstari.

Kabla ya kikao hicho Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ukapasuka. Tukakimbilia mji wa Sake, mama na godoro kichwani, mimi na kompyuta mgongoni. Njiani, tulipofika Lac Vert, ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yetu, na mimi nilikuwa natunga majibu ya kuwaaibisha wale wazee. Tuliporudi, nyumba bado ilikuwa imesimama. Nikaenda mbele yao mikono mitupu. Waliuliza swali lilelile, nikawajibu vilevile, wakanirudisha.

Mama, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku, hakuelewa ugomvi wenyewe.

"Waandikie tu hiyo makaratasi, papa," aliniambia. "Itakupunguza nini?"

Nikamwambia ni heshima ya sayansi. Akanitazama, akaendelea kuchambua samaki wake. Maabara ilinisubiri mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na kila barua yao niliijibu kwamba mambo yako karibu kuisha. Niliwaona wale wazee kuwa wajinga wasio na dawa, na nilifurahia kuwaona hivyo.

Kisha waasi wakaingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, nami nikaogopa kwa mara ya kwanza. Nikakaa nikaandika: kaskazini Nyiragongo, kusini ziwa, mashariki Rwanda, wakaaji wanavua, wanalima, wanafanya biashara. Upuuzi mtupu, wenye vichwa vidogo na ramani.

Siku ya kuitetea mémoire walisoma sura hiyo peke yake. Mzee wa katikati alinishika kwa kosa moja. Nilikuwa nimeandika kwamba mji una uwanja wa ndege unaofanya kazi.

"Hapo utakorije," akasema kwa upole.

Nikakorije, nikaufuta mstari huo. Juu ya grafini hakuna aliyeuliza neno. Wakanipa distinction, alama ya kujivunia, wakanishika mkono, tukanywa soda.

Nilipofika nyumbani nikafungua barua pepe ya maabara. Nafasi yangu walikuwa wamempa mtu mwingine. Nikamsomea mama kwa Kiswahili, polepole. Hakunilaumu. Aliuliza tu zile karatasi za mipaka zilinichukua muda gani kuandika.

"Siku mbili, mama," nikamwambia.