Siku Nilipomrudishia Tokuji Sauti Yake

Hili jambo sijawahi kulisimulia lote, na wale waliokuwa ukumbini siku ile wakikutana nami mjini bado wanajifanya wanaangalia simu, kwa hivyo heri niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine likiwa limetiwa chumvi: mimi Twalibu, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, mwenye mke na duka la vitambaa nililoachiwa na baba, nilisimamishwa mbele ya watu kama sitini nikaambiwa nisome katuni kwa sauti, na nikaisoma huku nikilia. (Ndiyo, katuni. Chekeni mmalize.)

Katuni yenyewe ni manga, zile hadithi za Kijapani zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hii ilikuwa inamhusu Tokuji, mwimbaji wa hekalu ambaye katika sura ya kwanza kabisa anaibiwa sauti na pepo wa ukungu, kisha anaanza kutembea mlima baada ya mlima akiitafuta bila kuweza kusema neno hata moja. Mimi na Njoroge tulianza kuisoma tukiwa kidato cha kwanza, kitanda chake juu na changu chini, na tuliifuata sura kwa sura, kila mwezi, miaka kumi na minane. Tulimaliza shule, tukapata kazi, nikaoa, baba akafariki, na Tokuji bado anatembea tu.

Njoroge alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Miaka miwili iliyopita macho yakaanza kufifia, na kufika wakati wanagundua kuwa ni presha ya macho, hakukuwa na la kuokoa isipokuwa kivuli kidogo upande mmoja, na hicho nacho kikaenda. Akarudi kwa mama yake, mtaa wa Kabiria, kwenye ploti yao yenye vyumba vya kupangisha, na hakutoka tena nje ya lango ila kwa daktari.

Basi nikawa namsomea. Jumapili moja kila mwezi, mama yake akiwa kanisani, tunakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, mimi na simu, yeye na kikombe cha chai. Kumsomea mtu asiyeona kitu kilichojaa picha si mchezo, na mwanzoni nilikuwa naharibu. Nilikuwa nikisema, "Tokuji amehuzunika," ananikata papo hapo: "Usiniambie amehuzunika. Niambie mdomo uko aje, mimi nitajua kama amehuzunika." Nikajifunza. Kulia juu, uso, karibu sana, mdomo umefungwa. Kushoto, mvua. Chini, viatu peke yake. Ilifika mahali nilikuwa namwona akiziona, kichwa kimeinama kidogo kama zamani akichora, na nakuambieni ukweli, hakuna kazi niliyowahi kuifanya nikajisikia mtu wa maana kama ile.

Sasa, sura ya mwisho ikatoka. Niliisoma mwenyewe kwanza, dukani, siku ya Ijumaa. Tokuji anafika kwenye pango la yule pepo, anaona mitungi imepangwa, kila mtungi na sauti ya mtu, anaufungua wake, na mtungi ni mtupu. Hakuna maelezo. Kurasa tatu nzima hakuna hata neno. Halafu anarudi kijijini, anakaa chini na watoto, anaanza kuwafundisha ule wimbo wake kwa kupiga goti na kiganja, wao wanaimba, na picha ya mwisho ni mkono wake umetulia gotini. Kwisha. Niliiweka simu chini kwa hasira hadi mteja mmoja aliyekuwa anauliza bei ya bitana nikamjibu vibaya, akaondoka na hajarudi mpaka leo. Miaka kumi na minane, mtungi mtupu! Kwenye kundi letu la wasomaji watu walikuwa wamegawanyika vivyo hivyo, wengine wanamlaani mwandishi, wengine wanasema wamelia na hawajawahi kusoma kitu kizuri kama hicho, ila kulikuwa na sheria kwamba hakuna mtu kutaja kilichotokea hadi tukutane mwisho wa mwezi, ili waliochelewa wasiharibiwe. Kwa hivyo Njoroge alichosikia ni kelele tu. Mwisho mbaya, mwisho mzuri, basi.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo daktari alikuwa amemwambia aache kungoja macho yarudi. Maneno ni hayo, aache kungoja. Mama yake ndiye aliyenipigia simu kunieleza, akishindwa kumaliza sentensi.

Jumapili nikaenda. Njoroge alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amenyoa, chai mbili tayari. "Haya, twende," akasema, akisugua mikono. Nikasoma, na nilisoma vizuri, hadi pale Tokuji anapouinua mfuniko wa mtungi. Hapo nikamwangalia rafiki yangu alivyokaa, ameegemea mbele, na neno "mtupu" likakataa kutoka. Nikasema, "Ndani kuna mwanga."

Hilo tu. Neno moja. Lakini ukishasema kuna mwanga lazima mwanga uende mahali, kwa hivyo ukaingia kooni, Tokuji akaimba, kijiji chote kikasikia, mama yake akatoka mbio na unga mikononi (huo unga niliutoa wapi sijui, huko milimani hakuna aliyewahi kusonga ugali), na zile kurasa tatu za kimya mimi nikazijaza kwaya. Nilipomaliza Njoroge akauliza, "Imeisha?"

"Imeisha."

"Sawa," akasema, akainuka, akaingia ndani. Mimi nikadhani ameguswa. Nilirudi nyumbani nikijipongeza njia nzima, eti nimemwonea huruma mtu, eti ndio urafiki huo.

Jumatano mama yake akanipigia tena, na sauti yake ilikuwa imechangamka. "Twalibu mwanangu, umenirudishia mtoto! Amesema Jumamosi anataka kwenda tao, huko mjini. Wamemwomba aongee kwa mkutano wenu. Hata mimi nitakuja, nimemnunulia shati." Kumbe Achieng', dada anayeliendesha kundi letu, alikuwa amemwomba Njoroge, kama msomaji wa siku nyingi kuliko wote, ndiye afungue mjadala wa mwisho wa hadithi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepanda gari aende Kabiria akaseme ukweli. Mimi nilifanya nini? Nilimpigia Njoroge nikamwambia ukumbi uko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Akasema miguu yake haina presha. Nikasema mvua itanyesha. Akasema ataloa. Kwenye teksi Jumamosi nilikaa kati yake na mlango, mama yake mbele na mkoba wake wa kanisani, na nilifungua mdomo mara tatu nikaufunga mara tatu, mara ya mwisho Njoroge akiniuliza kama nina kichefuchefu. Tulipofika nikamvuta Achieng' kando nikamwambia Njoroge anaumwa koo sana, afadhali asiongee. Achieng' akamhurumia, akamletea chai ya tangawizi na kipaza sauti ili asijikaze. Kabla sijapata uongo mwingine, Njoroge alikuwa tayari amesimama mbele, shati jipya, fimbo nyeupe mkononi, na watu wanampigia makofi.

"Mimi hii mwisho imeniudhi," akaanza, na nusu ya ukumbi ikashangilia. "Ngojeni. Miaka kumi na nane huyu jamaa anatembea bila sauti. Amejua kuongea na mikono. Amejua kukaa na watu akiwa amenyamaza tu, na wanamwelewa. Halafu kurasa za mwisho mwandishi anamfungulia mtungi, sauti hiyo hapo, imba, nenda nyumbani kwa mamako. Sasa hiyo miaka yote ilikuwa ya nini?"

Kelele zikapungua. Watu wakaanza kutazamana. Yeye hakuona, akaendelea, na sauti yake ikashuka.

"Mimi nilikuwa nangoja huyu Tokuji anionyeshe vile mtu anaishi na kitu ikikataa kurudi. Sababu hii macho yangu hairudi. Daktari ameniambia wiki hiyo hiyo. Nikasema sawa, kuna mwenzangu, acha nione yeye atafanya nini. Na yeye akarudishiwa. Nimebaki peke yangu."

Kisha jamaa mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya, alidhani ni utani. "Buda, kwani ulisoma gani hiyo?"

Achieng' akamsogelea Njoroge, akamgusa kiwiko. "Njoro," akasema polepole, "mtungi ulikuwa mtupu."

"Mtupu?"

"Kabisa. Sauti haikurudi."

Niliwahi kuanguka kwenye ngazi sokoni nikiwa nimebeba robota la kitambaa, na suruali ikachanika nyuma mbele ya wanunuzi wote, na ningelipa chochote siku ile suruali ichanike tena badala ya hili. Njoroge hakuuliza ilikuwaje wala ni nani. Aligeuza uso taratibu hadi ukaelekea pale aliponisikia nikikaa.

"Twalibu, uko hapo?"

"Niko."

"Kuja usome."

Nikaenda. Mama yake alikuwa mstari wa kwanza, mkoba mapajani, ananitazama bila kuelewa bado, halafu nikaona anaelewa. Nikafungua simu, nikaipita sura nikairudia. Nikasoma. Kulia juu, mkono kwenye mfuniko. Kushoto, ndani ya mtungi, giza. Ukurasa unaofuata, uso, hakuna maneno.

"Mdomo uko aje?" akauliza Njoroge, vilevile kama tukiwa kwenye benchi.

"Umefunguka kidogo."

"Macho?"

"Anaangalia ndani bado."

Nikazisoma zile kurasa tatu za kimya moja baada ya nyingine mbele ya watu sitini, na nikagundua kitu ambacho dukani sikukiona kwa hasira zangu: kila picha Tokuji yuko karibu kidogo zaidi na mlango wa pango. Hakuwa amekaa tu akiulilia mtungi. Alikuwa anatoka. Nilipofika kwa watoto nilikuwa nalia hadharani kama mtoto mwenyewe, makamasi na yote, na sikuweza kujifuta kwa sababu nilishika simu kwa mikono miwili.

"Mkono," nikasema. "Juu ya goti."

"Umekunjwa?"

"Hapana. Umefunguka. Umetulia."

"Halafu?"

"Basi."

Njoroge akavuta pumzi. "Sasa hiyo ndio mwisho," akasema. "Hiyo sina maneno nayo." Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama, na makofi yale hayakuwa yangu hata kidogo. Mtu mmoja alinipokonya simu kwa upole akaiweka mezani, nikabaki nimesimama hapo sijui niende wapi. Kwenye ngazi mama yake, ambaye tangu niko kidato cha kwanza hajawahi kuniita chochote ila mwanangu, akaniambia, "Asante, tutatafuta gari wenyewe."

Jumapili mbili sikwenda Kabiria. Ya tatu nikajikaza nikaenda, nikamkuta mama amerudi kutoka kanisani mapema, Njoroge kwenye benchi. Nikaomba msamaha, na sikujitetea, isipokuwa pale mwisho niliposema nilifanya kwa kumhurumia.

"Najua," akasema. "Hiyo ndio mbaya. Ungenidanganya kwa ubaya ningekutukana iishe."

Tukakaa. Kisha akaingiza mkono ndani ya jaketi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaitambua. Ilikuwa barua ya Nyambura, aliyekuwa mchumba wake, barua ya mkono aliyoiacha mwaka jana alipoamua kwamba hawezi. Mimi ndiye niliyemsomea, kwenye benchi hilohilo.

"Kuna mahali amesema hatawahi kupata mtu anayemsikiliza kama mimi," akasema Njoroge. "Hiyo aliandika yeye ama ni wewe?"

"Ni yeye. Wallahi ni yeye."

Akatikisa kichwa, si kwamba anakataa, wala si kwamba anakubali. Akamwita mama yake. Akaja akifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma ile barua kuanzia salamu, pole pole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusoma mambo ya ndani ya mtoto wake, nami nimekaa pale nikiingoja ile sentensi kama mshtakiwa. Akafika. Ilikuwepo, neno kwa neno.

Njoroge akamgeuzia mama yake uso, mama aliyemzaa, akamuuliza taratibu, "Mama, na wewe umesoma vile imeandikwa?"

Mama alivua miwani akanitazama mimi.

Sijamsomea Njoroge tena. Anasomewa na Achieng', na nasikia anamkata kila mara kama alivyokuwa akinikata. Mimi nimejiwekea sharti moja na nitakufa nalo: mtu akinipa kitu nimsomee, nitasoma kilichopo, hata kama ninayeumia kukisoma ni mimi.