Gitaa la Mbuke

Mbuke hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Alizaliwa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, akaolewa na Athanas, mpiga gitaa aliyekwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu akaambulia vumbi. Athanas alichimba katika duara la tajiri Cornel, shimo refu lililokuwa likijulikana eneo zima, mpaka kifua kikamshinda. Mkewe alikuwa juu akiponda mawe kwa nyundo na wanawake wenzake, kwa sababu machimboni mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Wanasema dhahabu ikimwona mwanamke inakimbia. Inakimbilia wapi, hakuna ajuaye. Mawe hayohayo yakishapandishwa juu wanapewa wanawake wayaponde, na hapo dhahabu inatulia tuli. Ukihoji jambo hilo unaambiwa una mdomo, na Mbuke mdomo alikuwa nao.

Athanas alipofariki aliacha vitu vichache, kimojawapo gitaa lake la galatoni, lile lisilotaka umeme wala spika. Alikuwa amemfundisha mkewe kulipiga siku za mvua, maduara yalipojaa maji na kazi ikasimama. Walianza kwa mzaha tu. Vidole vya Mbuke vilikwisha kuota sugu kwa sababu ya nyundo, nyuzi hazikumuuma, na kabla ya masika kwisha mwalimu akaanza kumwonea mwanafunzi wivu. Ugonjwa ulipozidi, Athanas akawa hana tena nguvu za kubana nyuzi. Mbuke akawa anapiga, mumewe anaimba pale pumzi inapomruhusu. Majirani waliwasikia kupitia ukutani, wakawa wanasifu kwamba mgonjwa wa Mbuke anaumwa lakini vidole vyake bado vizima. Mbuke hakuwasahihisha, maana alipenda mumewe asifiwe.

Katika siku zote hizo za ugonjwa, Cornel hakukanyaga pale. Hata siku ya mazishi alituma mtu. Kwa hiyo Mbuke alipomwona anakuja mwenyewe, kwa miguu, kofia mkononi, alijua tajiri ana shida.

Na kweli alikuwa nayo. Duara lake lilikuwa limekauka, wachimbaji wanashuka na kupanda na mawe matupu. Mganga alikuwa amemwambia kwamba marehemu aliyechimba humo ameondoka na kinyongo, kwa hiyo litafutwe gitaa lake, lishushwe chini kabisa, lifukiwe, apoe. Cornel alitaja bei ambayo hakuna gitaa la galatoni linaloistahili. Ingetosha cherehani mpya na vitambaa vya kuanzia. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sidhani kama walikuwa na maana ya mtu kumfaidi mwenzake mara mbili, kwanza akiwa hai, kisha akiwa maiti.

Mbuke angemfukuza papo hapo, ila naye alikuwa ameanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha asubuhi, na alikijua vizuri, alishakiuguza mpaka mwisho wake. Cherehani ingemwondoa kwenye vumbi. Alimwomba Cornel muda wa kufikiri, akaenda kumweleza Martina, rafiki yake waliyekuwa wakiponda naye mawe bega kwa bega. Martina hakuzunguka mbuyu.

"Gitaa halikohoi, Mbuke. Unayekohoa ni wewe. Liuze."

Mbuke alikasirika kwa sababu aliambiwa ukweli. Alinuna siku nzima, akapiga mawe kama yana deni naye, na kesho yake akampelekea Cornel habari kwamba aje na hela. Kama mtu angelinunua akalipige kwenye harusi, alijiambia, nisingeona uchungu. Sasa linakwenda kufukiwa, basi, nitajifanya nimemzika Athanas mara ya pili.

Cornel alikuja na vijana wake wawili wa duarani. Wanawake wa mawe wakasogea kutazama. Mbuke alimwamkia shikamoo, maana adabu aliyolelewa nayo haikuwa ya kuharibiwa na Cornel. Naye akaitikia marahaba, akaeleza kwamba limebaki sharti moja dogo. Gitaa ataliangua kijana wa kiume ukutani, mama mwenye nyumba asiliguse. Na kuna swali la kuulizwa mbele ya watu, kama alivyoagizwa na mganga. Akamwita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, hawa wote ni mashahidi. Gitaa hili halijawahi kupigwa na mwanamke?"

Vijana walikuwa wameshaanza kucheka. Kwao ilikuwa kama kuuliza iwapo mbuzi hutaga. Mmoja alikwishaingiza mguu mlangoni. Martina akamgusa Mbuke kwa kiwiko, taratibu, ajibu. Neno moja tu, hapana, na cherehani ni yake.

Na hakuna ambaye angebisha. Hilo ndilo lililomchoma. Angesema hapana na dunia nzima ingemwamini, jirani zake wakiwa wa kwanza. Zile siku za mvua, ule ugonjwa mrefu, nyimbo zote alizopiga mumewe akimtazama kwa macho ya homa, vyote vingefukiwa huko chini, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa amevitupia udongo. Hasira ilimpanda mpaka ikaamsha kikohozi. Akakohoa, akatema mate pembeni, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Kisha akampita yule kijana mlangoni, akaliangua gitaa kwa mkono wake mwenyewe, akatoka nalo. Akakaa kando ya rundo lake la mawe, hapo nje, akakaza uzi uliolegea, akapiga.

Alipiga wimbo wa Athanas wa kumkebehi baba mkwe aliyetaka ng'ombe wengi kuliko uzuri wa binti yake. Hakulia wala hakupiga kinyonge. Alipiga kwa ubishi, macho yake usoni kwa Cornel, na hakuruka hata ubeti mmoja. Nyundo za waliobaki kwenye mawe zikanyamaza moja baada ya nyingine. Jirani aliyekuwa akivisifu vidole vya mgonjwa alijishika mdomo.

Wimbo ulipokwisha, Cornel alikuwa ameshavaa kofia yake.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza," alisema Mbuke. "Na Athanas alipokuwa anakohoa, yeye pia hukumuuliza kitu."

Cornel alitazama chini, akatazama mashahidi aliowaita mwenyewe, akaona hakuna wa kumsaidia. Akaondoka na hela zake, vijana wakamfuata.

Martina alikuwa amefura. Alimwambia mwenzake kwamba ni mwendawazimu, kwamba kiburi hakishoni nguo, kwamba cherehani nyingine itoke wapi. Martina akaendelea kusema huku akilivuta rundo la Mbuke, akalichanganya na lake, akachukua nyundo akaanza kuyaponda mawe yote pamoja.

"Si upige basi," alisema bila kumtazama. "Hasara yote hii, halafu tukae kimya?"

Mbuke akapiga. Kikohozi kilipomjia alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akakisubiri kipite, akaendelea pale alipoishia.