Nyoki za Jirani wa Greyville

Jana kazini walituagizia chakula cha mchana, na kwenye sahani yangu wakamwaga tambi. Nakwambia, rafiki yangu, zilikuwa zimevimba na kushikana kama minyoo iliyokufa maji, zimelowa mchuzi mwekundu mtamu kama jemu. Nilionja mara moja tu. Nikatoka nje kutafuta hewa, na hapo ndipo nikamkumbuka jirani yetu wa utotoni, mtaani Greyville.

Alikuwa bibi mzee wa Kiitaliano, mjane, mlango wake ukitazamana na wetu kwenye jengo la ghorofa. Mama yangu, aliyenileta Durban kutoka Bukavu nikiwa mgongoni, alisuka nywele saluni mchana kutwa. Kwa hiyo nikitoka shule nilikaa jikoni kwa jirani. Siku ya kwanza aliniambia tutakula nyoki. Mimi nikasikia nyuki, nikafunga mdomo. Kumbe yalikuwa madonge madogo ya viazi. Aliponyunyizia jibini, ndipo nikataka kutapika kweli, maana lilinuka kama soksi za mwanamume aliyeshinda mvuani. Aliningoja. Mwishowe njaa ikanishinda, nikala, nikaomba tena.

Jumamosi mama naye alikuja. Viazi vilichemshwa na maganda yake, tukavimenya vingali moto, vidole vikiungua, tukaviponda na kuvikanda na unga kidogo sana. Kazi yangu ilikuwa kubingirisha kila donge kwenye mgongo wa uma ili lipate mistari ya kushika mchuzi. Nyanya zilitokota taratibu na kitunguu saumu, na majani ya mrehani aliyoyapanda kwenye kopo dirishani. Mtu akitaja sukari, jirani alikunja uso kana kwamba ametukanwa. Alikuwa akisema, mwenye haraka ale mkate. Ngazi nzima ilinukia.

Kisha jirani akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Mwanawe akaja kutoka Johannesburg, akampeleka kwenye nyumba ya wazee upande wa Sydenham. Tulipokwenda kumwona ilikuwa saa ya chakula. Tambi za kopo, baridi, zilichotwa kwa kijiko cha aiskrimu zikakaa kwenye sahani kama donge la udongo, na juu yake utando wa mafuta ulioganda. Nzi alitembea ukingoni. Mhudumu alikuwa akimsukumia kijiko mdomoni huku akitazama televisheni, na mchuzi ulimtiririka jirani kidevuni hadi kwenye kola. Hakuna aliyempangusa. Yeye alikaza midomo, macho ukutani.

Mwanawe alituambia kwa upole kwamba mama yake hali tena, akili imekwenda, na daktari ameshauri wajiandae.

Mama alichovya kidole kwenye sahani, akaonja, akatemea leso. Akanigeukia.

"Mwambie. Akili yake iko. Ulimi wake pia iko. Chakula ndiyo haiko."

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Mwanawe akatazama viatu vyake.

Kesho yake mama hakwenda saluni. Tulipika tangu asubuhi, tukafunga sufuria kwa kitenge, tukapanda teksi nayo ikiwa mapajani mwake. Mama alimpangusa jirani kidevu kwanza, kisha akamwekea donge moja mdomoni. Jirani akatafuna polepole, akameza, akamtazama mama.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Mama alicheka hadi akalia. Jirani akala sahani yote. Tangu hapo tulipeleka sufuria kila Jumapili, na aliishi hadi nilipoingia sekondari.

Siku hizi nikipita Greyville, ngazi zile zinanuka dawa ya kusafishia na mafuta yaliyokaangiwa kuku mara nyingi mno. Jiko la jirani wameligawanya vyumba viwili kwa mbao. Vijana wanaokaa humo walinikaribisha vizuri, lakini hawakujua nani aliishi pale, na sikuwa na hamu ya kuwaeleza nikiwa nimebana pua. Watu husema chakula ni chakula, bora tumbo lijae. Mimi siwezi kusema hivyo. Nilishaona mtu akilishwa kana kwamba amekwisha kufa, na bado alikuwa na njaa.