Nakala Nne Mbele ya Tume

Shemeji yangu tunamwita Nakala Nne, na jina hilo nilimpa mimi. Ni wakala wa forodha. Zamani lori halikuvuka mpaka wetu, wala mtu hakwenda kufanya kazi ng'ambo, bila yeye kujaza fomu ndefu kwa nakala nne, kaboni katikati, akikandamiza kalamu mpaka meza inalia. Alikuwa na ofisi ya vyumba vitatu na tai shingoni hata jua likiwaka. Nchi ilipojiunga na jumuiya ya biashara, fomu ikawa ukurasa mmoja ambao dereva anajijazia mwenyewe. Ofisi ikafungwa. Nikampa meza kwenye duka langu la fotokopi, kati ya mashine na dirisha, na yupo hapo mpaka leo, akiandikia watu barua na kunifundisha kazi yangu mwenyewe.

Marehemu dada yangu alimwachia binti mmoja. Huyu ni mkunga katika hospitali ya ng'ambo ya mpaka, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Asubuhi anavuka kwa kitambulisho tu, jioni anarudi, anapika, kisha yeye na baba yake wanagombania redio. Wanagombana kwa raha kabisa.

Mwaka huu yakaanza maneno ya kujitoa kwenye jumuiya. Dukani kwangu hapakukalika kwa ubishi. Mwenye kinu alitaka tutoke, maana unga wa ng'ambo unauzwa rahisi kuliko wake. Madereva walisema tukitoka watazeekea kwenye foleni. Mwalimu mstaafu alilalamika kwamba sheria zetu zinatungwa na watu tusiowapigia kura. Muuza dawa akamjibu kwamba hata tuliowapigia hajawahi kuwatia machoni. Tume ya kukusanya maoni ikatangaza siku ya kuja, na chama cha mawakala kikamteua Nakala Nne akawasemee: tutoke. Tukitoka, fomu ndefu zinarudi, na ofisi yake inarudi. Alitembea wiki nzima kifua mbele. Nilimfurahia, sifichi, ingawa nilishamzoea pale dirishani.

Sasa, mtu huyu ana tabia moja: hajadili jambo kabla hajalijazia fomu. Siku moja kabla ya tume alizitoa fomu zake za zamani sandukuni, akasema atawaonyesha waheshimiwa kwamba karatasi haing'ati mtu. Alihitaji mfano wa mtu anayevuka kila siku, na wa karibu alikuwa binti yake. Akajaza huku anapiga mluzi. Jina, kazi, hospitali. Alipofika penye tarehe ya kurejea nyumbani, mluzi ukakatika. Kanuni za wakati ule anazijua kwa ghibu: anayefanya kazi nje anapewa kibali cha kuishi hukohuko, na kurudi kwao ni mara moja kwa mwezi. Akaniomba chai. Nikamletea, ikapoa mbele yake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Binti aliomba ruhusa kazini aje kumsikiliza baba yake, akasimama nami mlangoni na sare yake. Mawakala walikaa mstari wa mbele, wameshaandaa makofi.

"Waheshimiwa, fomu hii imenisomeshea mtoto, sina ubaya nayo," alisema Nakala Nne. "Jana nimeijaza kwa jina la mtoto huyohuyo. Penye siku ya kurudi nyumbani pamenishinda. Mimi naomba tubaki."

Mawakala waliguna, mwenyekiti wao akanyanyuka akatoka. Katibu wa tume akamuuliza kama anaelewa kwamba anaipinga riziki yake mwenyewe. Akasema anaelewa vizuri sana, kisha akarudi kukaa. Nilijivunia shemeji yangu siku ile kuliko siku zote za ile ofisi.

Nje, binti yake alimfuata.

"Baba, hospitali walinipa chumba tangu mwaka juzi. Bure, na maji ndani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikikataa. Sasa ningekuambia nini?"

Nakala Nne akamshika mkono mbele za watu wote, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu tulipomzika dada, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.