Nyumba ya Karatasi ya Mama

Mama alikubali kuhamia kwangu Fumba kwa sababu dari ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilianza kudondoka vipande vipande ndani ya chai yake. Fleti yangu ina maji na upepo, lakini yeye alikaa sebuleni na buibui mapajani kama abiria anayengojea boti. Hatoki, hajui jirani hata mmoja, na kila Ijumaa huniuliza mafundi wa dari wamefika wapi. Mafundi hawakuwa wameanza. Niliogopa kwamba siku moja nitatoka kazini nikute amekwishaondoka, amerudi kulala chini ya dari ile ile.

Basi nikaamua kumjengea nyumba yake ile kwa karatasi, ndogo ya kukaa mezani. Nilimwona mtu akifanya hivyo kwenye simu, na mimi nikishaona kitu kwenye simu najiona fundi. Nikachana makaratasi ya kazini, nikaweka kando yenye jina la Mungu, mengine nikayaroweka ndooni. Nikayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa uji, nikatia gundi ya unga wa ngano, nikashindilia kwenye trei za barafu. Matofali ya kwanza yaliibwa na kunguru pale roshani nilipoyaanika. Ya pili yakaota ukungu. Ya tatu niliyalinda mwenyewe kwa ufagio, nimenuna.

Hatimaye nyumba ikasimama mezani: kuta za chokaa, mlango wa nakshi uliotoka kama biskuti, na baraza ndefu mbele. Baraza tupu niliona haipendezi, nikaweka wanaume watatu wa karatasi wanapiga soga.

Mama akaizunguka meza. Mimi nikangojea machozi. Akaenda jikoni, akarudi na kopo la maji, akawamwagia wale wanaume.

"Hawa nshawachoka," akasema. "Kutwa barazani kwangu, hawana kazi, hawana haya."

Ndivyo alivyowafukuza wapiga soga wa mtaani miaka yote, eti anaosha baraza. Ila ile ilikuwa ya mawe. Hii yangu ilikunywa maji, ikavimba, ikakaa chini taratibu, ikawa uji tena. Nilitaka kulia kwa hasira. Mama alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu ahamie.

Akavaa buibui lake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nnakwenda kuomba karatasi kwa jirani. Na baraza safari hii naijenga mwenyewe, wewe hujui."

Alipochelewa nikatoka kumtafuta. Nilimkuta ngazini, amekaa na wanawake wa ghorofa nzima, ndoo katikati, wanachana karatasi na kusema watu. Hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Mama, mmeziba njia," nikamwambia. "Watu watapitaje?"

"Wapite waende wapi?" akasema, bila kuinua kichwa. "Waambie wakae."