Maneno ya Boksi la Sabuni

Mwalimu Miwani alikuwa mtu wa kushuku hata salamu. Ukimwuliza habari za leo, alijiuliza kwanza umesikia nini. Na usimcheke bure, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka kumi na miwili nyuma, wazazi wa shule aliyokuwa akifundisha walimwandikia mkuu wa shule barua ya siri: mwalimu huyu hasikii vizuri, watoto wanamchezea. Kweli, sikio lake la kushoto lilikuwa limeshalala. Lakini wazazi hao hao walikuwa wakimchekea getini mpaka siku aliyofungasha vitabu vyake.

Sasa alifundisha Kiingereza katika kantini ya kiwanda cha sabuni, saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ikitoka. Meneja ndiye aliyemlipa. Wanafunzi walikuwa ishirini na watatu, wapimaji, wakataji na wafungaji, watu wazima wenye harufu ya ndimu mpaka kwenye madaftari. Sarufi hakuigusa. Alikuwa na orodha yake ya maneno mia tatu yanayotumika sana, akawapa kumi kwa wiki, na mwisho wa kila kipindi lilikuja boksi tupu la sabuni. Kila mtu alitumbukiza kikaratasi chenye neno moja la Kiingereza alilokutana nalo, kwenye pakiti ya dawa ya meno, kwenye mlango wa benki, popote. Mwalimu alichomoa, akasoma, akatoa maana. Hapo ndipo darasa lilipochangamka, na yeye pia, ingawa asingekiri hata ukimbana kwa koleo.

Mwezi ule boksi likageuka. Maneno ya dawa ya meno yakakauka, yakaja ya kiofisi: neno la mkataba, neno la malipo, neno la kukubaliana. Hakuna wawili walioleta neno lilelile. Na kila alipochomoa kikaratasi, macho yote yalimwendea Mama Mizani, mwanamke wa kupima vipande vya sabuni, ambaye darasa lilimsikiliza kuliko lilivyomsikiliza mwalimu.

"Hili umelitoa wapi?" Mwalimu alimwuliza.

"Njiani tu, Mwalimu."

"Njia gani hiyo yenye maneno kama haya?"

"Njia ni nyingi, Mwalimu wangu." Darasa zima likainamia madaftari.

Akavibeba vile vikaratasi nyumbani, akavipanga mezani, akavipangua. Mkewe alikuwa akishona kifungo cha shati lake.

"Siku hizi unacheza karata peke yako?"

"Wanaandika barua ya kunishtaki. Wanataka meneja anitoe."

"Umewaona wakiandika?"

"Dalili ya mvua ni mawingu, mke wangu."

Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Ana miaka hamsini na minane na sikio moja. Akitolewa pale, nani atamchukua?

Wiki iliyofuata akachomoa kikaratasi kilichoandikwa "remove", kuondoa. Akatazama ile halaiki iliyokuwa ikimsubiri kimya, kalamu zikiwa tayari, akasema bila kupepesa macho, "Maana yake ni kubakiza. Kumbakiza mtu kazini." Acha waandike hivyo, alijiambia, mtu hawezi kuomba ufukuzwe kwa neno analodhani ni la kukubakiza. Kikaratasi cha pili kilikuwa "without", bila. Kwa kuwa alikwishaonja, akasema maana yake ni "pamoja na". Akayaandika yote mawili ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, wakayanakili. Siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Alikaa na ushindi wake siku sita, kisha akashindwa kuuficha, akamsimulia mkewe wakiwa mezani. Mkewe akacheka, halafu akaweka kijiko chini.

"Hebu ngoja, baba watoto. Anayeandika barua ana Kiswahili kichwani, anatafuta Kiingereza. Hawa wako wana Kiingereza, wanatafuta Kiswahili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawaandiki. Wanasoma."

Akasukuma sahani pembeni.

Kesho yake aliwahi kantini, akawakuta wote wameshafika, wanacheka na kupigana vibega. Mama Mizani alikuwa ameshika karatasi yenye mhuri.

"Mwalimu, utusamehe, tulikushuku," alisema. "Meneja alileta mkataba mpya, wa Kiingereza. Tuliruhusiwa kuusoma ofisini kwake tu, simu tumeacha getini, kunakili marufuku. Kila mmoja wetu akabeba neno moja kichwani. Tukaogopa kukuonyesha mambo yote, maana mshahara wako unatoka kwake. Tukasema, neno moja moja hatagundua kitu."

"Mmesaini?" Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Jana, wote. Leo ndiyo tumepewa nakala. Hebu tusomee kwa sauti, tuusikie ukisomwa na mwenyewe!"

Wakapiga makofi. Mwalimu aliipokea karatasi, akavuta miwani, akausoma mstari wa nne kimoyomoyo: mfanyakazi anaweza kuondolewa siku yoyote, bila malipo. Angeweza kudanganya tena. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuogopa.

"Haya maneno mawili niliwafundisha kinyume," alisema. "Nilijua maana yake. Nilidhani mnanichongea." Akawasomea mstari ule kwa Kiswahili chake cha kweli, taratibu, mpaka nukta.

Mfungaji mmoja alikaa chini, akaanza kuhesabu kwa vidole miaka aliyofanya kazi pale. Mama Mizani akaichukua karatasi mkononi mwa mwalimu, akaikunja mara nne. Halafu akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa miezi mitano nyuma, akaweka kidole kwenye neno la juu.

"Hili ulituambia ni maji," alisema. "Ni maji kweli?"

"Ni maji, mama."

Akasogeza kidole kwenye neno la pili.