Furaha Waliyomficha Marlys Vondra

Lambert Vondra hakujua kuficha jambo. Alikuwa mkulima wa mahindi na soya, na kila Krismasi alimtobolea mkewe siri ya zawadi yake wiki nzima kabla ya sikukuu, kwa sababu ilimkaba kooni. Kwa hiyo Marlys alipomwona siku moja ya Machi akitoka na simu, akivuka uwanja wenye barafu hadi bandani ili akazungumzie huko, aliacha kumenya viazi akasimama dirishani.

Marlys alifundisha uchumi na matumizi ya fedha za nyumbani katika shule ya sekondari ya Dubrava, mji mdogo wa Nebraska ambao ghala lake la nafaka ni refu kuliko mnara wa kanisa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Watu walimjua kwa kofia. Ilikuwa kofia kuukuu ya Lambert, ya kampuni ya mbegu, na kila Aprili Marlys aliijaza vikaratasi. Kila mwanafunzi alichota kimoja cha kazi na kimoja cha mikosi, kisha kwa mwezi mzima akaishi, kwenye karatasi za bajeti, kwa bahati aliyoichota. Mtoto wa tajiri wa mashamba aliwahi kuchota kazi ya kuosha vyombo, pamoja na mapacha. Binti wa muosha vyombo alichota udaktari wa meno, akagundua kwamba hata daktari hukosa usingizi kwa sababu ya madeni. Watu wazima wenye mvi walikuwa bado wakimsimamisha dukani na kumwambia, "Mwalimu, ulinipa mapacha. Sijakusamehe."

Na kila mwaka aliwaambia wanafunzi jambo moja: msisikilize watu wanasema nini, tazameni wanafanya nini.

Basi akatazama. Mkuu wa shule alikuwa ameanza kukatiza maongezi kila Marlys anapoingia chumba cha walimu. Akakumbuka mwanamume mwenye tai aliyekuja Aprili iliyopita kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo, akakaa nyuma ya darasa lake akiandika, akaondoka bila kuaga. Nyumbani, Lambert aliulizwa simu ilikuwa ya nani, akasema ya mtu wa trekta, halafu akawa mwekundu mpaka masikio. Dalili ya mvua ni mawingu. Mji mzima ulijua kwamba wanafunzi wamepungua na kwamba bodi ya shule lazima imwondoe mwalimu mmoja kabla mwaka haujaisha. Kisichojulikana kilikuwa jina tu, na Marlys sasa aliamini kwamba analijua.

Hakumwambia Lambert. Ikiwa mumewe alikuwa akijaribu kumkinga na habari mbaya, yeye angemkinga mumewe na aibu ya kuiwasilisha. Alikwenda ghalani kwa Duane Hladky, msimamizi wa nafaka na mwenyekiti wa bodi, ambaye walipokuwa watoto aliketi nyuma yake darasani akimvuta nywele.

"Najua mnatafuta wa kumwondoa," alimwambia. "Msihangaike. Andikeni kwamba mimi nimestaafu kwa hiari yangu. Heri nitoke kwa miguu yangu kuliko kusukumwa."

Duane alivua kofia akaichungulia ndani, kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Nani kakwambia ni wewe?"

"Hakuna aliyeniambia. Nina macho."

"Huwezi kusubiri mpaka Ijumaa ipite, dada?"

"Ili mnitangulie?"

Nje lori lilikuwa likimwaga mahindi, vumbi likipanda. Duane alimwuliza kama ana hakika, naye akasema anayo. Akauliza tena, na mara hii hakumtazama usoni. Jioni hiyo bodi ilikutana faragha, ikapokea kustaafu kwake bila kutaja jina nje ya chumba.

Ijumaa shule yote iliitwa kwenye ukumbi wa michezo kusikiliza habari za usalama wa moto. Marlys alikaa pembeni na darasa lake, akifikiria namna ya kumweleza Lambert. Hakushangaa kuona bendi ya shule. Alianza kushangaa alipoona yule mtu wa tai akipanda jukwaani na kipaza sauti, asitaje moto hata kidogo. Alisema baraza la elimu ya uchumi la jimbo huchagua kila mwaka mwalimu mmoja aliyewazidi wote kuwafundisha vijana mambo ya fedha. Alisema aliwahi kukaa nyuma ya darasa moja ambako msichana alikuwa akilia kwa sababu gari lake la kwenye karatasi limeharibika. Watoto walianza kucheka na kumgeukia Marlys. Pazia likafunguka, na nyuma yake alikuwa amesimama Lambert katika koti jipya, na binti yao aliyesafiri kutoka Denver, wameshika hundi ya kadibodi yenye jina lake, ndefu kama mlango.

Masikio yake yaliziba. Aliona midomo ikifunguka na mikono ikigongana, lakini hakusikia kitu. Binti yake alimshika kiuno, naye akatembea kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha watoto kusoma dalili, na hakuwahi kuwaambia, wala kujiambia, kwamba watu hunong'ona pia kwa furaha.

Watu walipoanza kutawanyika alimkuta Duane kando ya kabati la mipira.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Tuliapishwa wote."

"Na aliyekuwa aondoke ni nani?"

Duane alielekeza kidevu. Upande wa pili wa ukumbi alisimama Colby Rezac, mwalimu wa historia aliyekuwa na miaka miwili tu shuleni, na mkewe Tessa, mjamzito wa miezi ya mwisho.

"Nilikuwa sijui nitamwambiaje," Duane alisema. "Halafu ukaingia wewe na dawa mkononi. Nilikuuliza mara mbili, Marlys, lakini mara zote mbili niliomba usibadili. Sasa unajua mimi ni mtu wa namna gani. Bodi inakaa Jumatatu. Sema neno moja, nalifuta."

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Alifikiria kofia, na wanafunzi wa Aprili ya mwakani, na wa ile itakayofuata. Alikuwa akivuta pumzi alitamke ndipo Colby alipowafikia, mkono ameunyosha.

"Hongera, Mwalimu Vondra. Wiki hii ni ya miujiza. Tulikuwa tumeshafunga vyombo kwenye maboksi, halafu nikaambiwa nabaki. Kuna mtu kastaafu."

"Nikavifungua vyote siku ileile," Tessa alisema. "Isipokuwa sufuria ya supu. Hatujui iliingia boksi lipi."

"Hawataki kuniambia ni nani," Colby aliendelea. "Wewe ni mwenyeji. Unadhani ni nani? Nataka nimshukuru."

Duane aliinamisha kichwa, akakodolea mistari ya sakafu.

"Akitaka ujue, atakwambia mwenyewe," Marlys alisema. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu.

Walipoondoka, Duane aliinua macho, akamwuliza kwa mara ya tatu bila kufungua mdomo. Marlys alitikisa kichwa: asifute. Safari hii alijua bei.

Alimwambia Lambert walipokuwa njiani kurudi nyumbani, binti yao akiwa ametangulia kwa gari lake, hundi ya kadibodi ikipigapiga nyuma ya pikapu. Lambert alisimamisha gari ukingoni mwa shamba la mtu. Alizima injini.

"Nilikudanganya vizuri mno," alisema.

"Maisha yako yote hujaweza kunificha hata soksi," Marlys alisema, "ukachagua kujifunza mwaka huu."

Walicheka, kisha Lambert akawa hacheki tena, akajipangusa macho kwa mkono wa koti lake jipya. Upepo uliinua hundi ikagonga kioo cha nyuma.

"Basi kofia yangu utanirudishia," Lambert alisema.

"Bado," Marlys alisema. "Sijajaza vikaratasi vya Aprili."